Pilipili kali inapunguza mwili kweli?

Muulizaji: Habari wadau, naombeni msaada, jirani kaniambia nikila pilipili mbuzi kila siku mafuta ya tumbo yanayeyuka yenyewe hata bila mazoezi, ni kweli? Maana mi chipsi mayai bila pilipili sili kabisa na kitambi kipo palepale.

Mdau 1: Kuna ukweli kidogo sana ndugu. Ule ukali ni kemikali inaitwa kapsaisini, inaamsha neva zilezile zinazohisi moto (mwanasayansi David Julius wa Marekani alipewa tuzo ya Nobel 2021, pamoja na mwenzake, yeye kwa kugundua sehemu ya neva inayopokea kapsaisini) ndo maana unatoka jasho na mwili unachoma nishati zaidi. Ila tafiti zinasema ni kama kalori 50 tu kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kama 120, sasa hizo chipsi zimeogelea kwenye mafuta, piga hesabu mwenyewe.

Mdau 2: Nakazia hapo. Mi inanisaidia kivingine, nikikatia pilipili kichaa kwenye kachumbari na ndimu nakula taratibu, nashiba mapema na ugali unabaki. Zile sosi za chupa soma kibandiko kwanza, nyingi zina sukari kibao.

Mdau 3: Na kama una kiungulia usilazimishe, utateseka usiku bure. Punguza chipsi, tembea jioni, pilipili iache iwe kiungo tu.

Muulizaji: Asanteni sana, leo naanza na kachumbari.