Athi ya amplifaya nifunge wapi: boliti ya mkanda, nitoboe bati, au nivute waya hadi betri?

Kijana wa Mabatini:
Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja. Jumamosi nafungiwa muziki kwenye gari, ampu na sabufa ninazo tayari, nimekwama kwenye athi tu, ule waya wa hasi wa kurudisha umeme. Fundi wa kwanza yuko Nyakato hapa Mwanza, anasema anafunga kwenye boliti ya mkanda wa siti ya nyuma, kazi imeisha. Wa pili yuko Mkuyuni, huyo anang'ang'ania ninunue waya mwingine mnene avute hasi mpaka kwenye betri kabisa, na bei yake imemzidi mwenzie karibu nusu. Jirani yangu naye anasema wote waongo, toboa bati la buti, funga nati, tembea. Nimsikilize nani? Sitaki ile kelele ya wiiiii ukikanyaga mafuta, gari la shemeji linalia hivyo mpaka aibu.

Ngosha wa Pasiansi:
Gari gani? Ampu ya ngapi? Waya namba ngapi? Mnaleta mada kama mko kwa mganga, tupige ramli?

Kijana wa Mabatini:
Samahani mkuu. Ni Ist old model. Ampu imeandikwa watts 2000, chaneli 4. Waya sijui namba ila ni mnene, mwekundu na mweusi, ulikuja kwenye boksi moja.

Fundi Rewaya Buzuruga:
Watts 2000 za kwenye kava hizo hahaha. Piga hesabu, 2000 gawa kwa volti 14 unapata ampea kama 143, ki-Ist chako kitazitoa wapi? Chungulia ubavuni mwa ampu kuna fyuzi zimechomekwa, namba ya pale ndo inasema ukweli, tuletee.
Kuhusu athi, sehemu yoyote ya bodi inafaa ilimradi ni bati zima la gari lenyewe, sio kibati kilichofungwa juu ya bati. Unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, unaweka kichwa cha waya chenye tundu kilichobanwa vizuri (sio waya kuviringishiwa boliti jamani), kipete (washa) chenye meno, unakaza, halafu unapaka grisi juu baada ya kukaza. Waya uwe mfupi, usizidi nusu mita, na unene uleule wa ule mwekundu. Boliti ya mkanda SITAKI kuisikia. Ile inashikilia roho ya mtu, ukiipachika vichwa vya waya katikati haikai tena kama ilivyotoka kiwandani.

Dereva Noah:
Mimi nilivuta mpaka betri na gari limetulia tuliii. Bodi za haya magari ya mtumba zimeunganishwa na putty, nani ajuaye umeme unapita wapi. Betri haidanganyi.

Mama Probox:
Nyie wa buti mnaongea kwa raha zenu. Mi nabeba sangara kutoka Mwaloni Kirumba asubuhi, matenga na barafu, yale maji yanashuka mpaka kwenye shimo la spea taya. Fundi alifunga athi ya ampu humohumo shimoni. Haikuchukua muda muziki ukawa unakata kila nikipita tuta, nikafunua kapeti nikakuta boliti imevimba kutu ya rangi ya chungwa, waya umekuwa kijani, ukiugusa unapukutika. Sasa hivi iko juu ubavuni karibu na taa ya nyuma, pakavu, sijaisikia tena ikikata. Kwa hiyo mleta mada useme kwanza buti lako linabeba nini.

Ngosha wa Pasiansi:
Dada umeongea point. Na huo ukijani ni shaba, bora wewe. Waya nyingi za kwenye boksi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, kwangua kwa wembe ukiona weupe ndani ujue umepigwa, hiyo inataka unene wa ziada.

Mtu wa Busisi:
Ngoja niwaambie yaliyonikuta maana naona mnachukulia poa. Fundi mmoja, simtaji, alinifungia ampu akaikamata athi kwenye kibati cha kushikilia plastiki ya ndani, juu ya rangi, hata msasa hakupitisha, nikalipa nikaondoka naenda Geita, njiani mluzi unapanda na kushuka kila nikibadilisha gia, nikasema labda barabara, nikaongeza sauti ndo ukome, mara harufu ya plastiki, nikasimama kushika zile waya za RCA nyuma ya redio ni za moto, RCA! waya wa kupeleka sauti tu ule. Baadae fundi mwingine ndo akanieleza kwamba ampu ikikosa pa kurudishia umeme haikai kimya, inatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ilikuwa ganda la RCA kwenda kwenye redio halafu kwenye kile kiathi chembamba cha redio. Njia za athi ndani ya redio zikaungua. Toka hapo hata ampu ikifungwa vizuri mluzi uko palepale, mpaka ukiunganisha ganda la RCA na bodi ya redio kwa waya ndo unanyamaza. Redio ilikuwa mpya ya skrini. Na fundi anasema "mbona ilikuwa inapiga?"

Kijana wa Mabatini:
Duh pole sana mkuu. Huyo fundi sio wa Nyakato kweli?

Mtu wa Busisi:
Simtaji nimesema.

Fundi Rewaya Buzuruga:
Na hapo ndo namjibu Dereva Noah. Mluzi unakuja redio na ampu zikiwa na athi zenye volti tofauti. Redio ya Toyota athi yake ule waya wa kahawia inaishia kwenye bodi mbele huko, ampu ukiipeleka betri peke yake umetengeneza athi mbili za safari tofauti. Kwako imetulia, kwa mwingine italia. Pesa ya waya huo mrefu bora uongeze waya mnene mfupi kutoka hasi ya betri kwenda bodi, na mwingine injini kwenda bodi. Vile vya kiwandani vimechoka.

Dereva Noah:
Nadharia hizo fundi. Gari langu limetulia.

Mwl wa Igoma:
Mnabishana bure, nunueni mita pale Makoroboi. Weka kwenye volti DC, ncha moja kwenye athi ya ampu, nyingine kwenye hasi ya betri, washa gari, piga muziki mkubwa wenye besi. Ikisoma chini ya 0.2 mwache fundi anywe soda, ikivuka 0.5 mwambie afungue aanze upya. Msipime kwa ohms (ukinzani wa waya), uzi mmoja wa waya uliobaki utakusomea vizuri tu ila ukipiga besi unakufa. Na jirani wa kutoboa bati achungulie uvunguni kwanza, hizi gari ndogo nyingi tenki la mafuta liko chini ya siti ya nyuma.

Kijana wa Mabatini:
Kwa hiyo boliti ya siti yenyewe, sio ya mkanda, vipi?

Ngosha wa Pasiansi:
Inafaa, ukikwangua chini yake. Wengine watakukatalia.

Fundi Rewaya Buzuruga:
Nakataa. Nayo imeshika mtu. Fyuzi ya ampu umesoma?

Mama Probox:
Ila Mtu wa Busisi hizo safari za Geita enzi za kivuko Kigongo hukumaliza betri kweli? Watu walikuwa wanapiga muziki foleni nzima injini imezimwa, zamu ikifika gari haliwaki, mnaombana kusukuma.

Mtu wa Busisi:
Nimesukuma sana magari ya watu pale dada. Siku hizi daraja kilomita tatu unapita wimbo haujaisha.

Dereva Noah:
Wimbo gani wakati redio ya Kijapani inaishia FM 90? Mwenye kuuza expander, kile kidude cha kuongeza stesheni za FM, aje PM.

Mwl wa Igoma:
Expander ndo hiyo ikikosa athi inakukoromea stesheni zote. Fungua uzi wako mkuu.

Dereva Noah:
Nauliza bei tu jamani.