Kamera zinazotambua sura: tunalindwa au tunachungwa?

MTOA MADA: Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Machi 2017 afisa mkubwa wa polisi Uganda, Andrew Felix Kaweesi, alimiminiwa risasi asubuhi, karibu na nyumbani kwake Kampala. Rais Museveni akaagiza kamera zifungwe. Zikafungwa za Huawei, kampuni ya China, zenye kutambua sura, mradi wa dola milioni 126. Hadi hapo sina ugomvi. Novemba 2020 Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, akakamatwa kwenye kampeni, vijana wakajaa barabarani, na polisi wenyewe wakasema wanatumia kamera hizo kuwasaka. Tuliambiwa mtego ni wa wauaji. Mimi nasema kamera zibaki, ila kutafuta jina la mtu kwa sura yake kuwe kwa kibali cha hakimu. Mnasemaje?

MCHANGIAJI 1: Hakimu gani huyo, wakati mtu wa pikipiki kashanipora simu na kapotea? Mkuu, inaonekana hujawahi kuporwa. Kama huna kosa unaogopa nini?

MCHANGIAJI 2: Robert Williams, mkazi wa karibu na jiji la Detroit, Marekani, hakuwa na kosa. Januari 2020 alifungwa pingu nje ya nyumba yake, mkewe na watoto wakiangalia, kwa saa za mkononi zilizoibwa dukani. Kompyuta ilimfananisha na mwizi kupitia picha ya leseni yake ya udereva. Mashine haisemi "ni huyu". Inageuza sura kuwa namba, inatafuta zinazokaribiana, inaleta orodha. Anayechagua ni askari, na askari ana haraka ya kufunga jalada. Halafu sisi weusi! Watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kupima programu tatu za kusoma sura, kazi yenyewe kusema tu huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanawake weusi moja ilikosea kwa asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe hakuna iliyofika hata asilimia 1.

MTOA MADA: Mchangiaji 1, pole kwa simu. Ila mporaji wako anaweza kufuatwa bila kujulikana jina: programu inamchorea kisanduku, inamfuata picha kwa picha kwa nguo zake na pikipiki yake hadi askari wamfikie. Hilo nalikubali hata bila hakimu. Kuuliza "huyu ni nani" ndiyo habari nyingine.

MCHANGIAJI 1: Sawa, kisanduku nimekubali. Lakini hakimu awe wa zamu ya usiku, maana vibaka hawafuati saa za ofisi.

MCHANGIAJI 2: Na anayekaa kwenye kioo cha kamera, naye nani anamwangalia? Hilo hamjaligusa.