Jumamosi Islii: Babu Ale Nini?

*Kikundi: Ukoo wa Pumwani*

Zaituni: Asalaam aleikum wote. Jumamosi tunamtoa Babu chakula cha mchana, watu wazima tuko 8. Ni Islii, hapa Nairobi, hoteli ya wali na mbuzi. Kwa vile ana presha na sukari, nataka nijue la kuagiza kabla hatujakaa mezani. Shangazi, Ami, Khadija, nisaidieni.

Shangazi Mwanaisha: Waaleikum salaam mwanangu. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana ukishakaa pale na harufu ya pilau imekujia, njaa ndiyo inayoagiza.

Shangazi Mwanaisha: Tuhesabu sahani. Wali wa hoteli zile mara nyingi hufika vikombe viwili. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina wanga gramu 45 hivi, basi hapo tayari 90. Ile ndizi inayoletwa kando ina kama 27. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 32 hivi. Jumla karibu 150, na wenye sukari wengi hupangiwa kati ya gramu 45 na 60 kwa mlo mmoja.

Zaituni: Subhanallah. Asile wali basi?

Shangazi Mwanaisha: Ale, tena ale kwa raha. Kikombe kimoja tu, kiasi cha ngumi yake. Akitaka ndizi, ale nusu na wali upungue. Shida iko kwenye sinia. Mkila sinia moja watu wanne, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenyeji kila saa anamsukumia mzee upande wake. Omba sahani tupu, umpakulie: nusu ya sahani mboga, robo wali, robo nyama. Aanze na mboga na nyama, wali aumalizie. Ukila kwa mpangilio huo sukari haipandi kwa kasi.

Salim: Wengine tulitaka choma. Kilo nne zitatosha?

Ami Rashid: Kilo nne za nini Salim? Mizani hupima nyama mbichi pamoja na mifupa. Kilo moja ya mbuzi ikishachomwa, nyama ya kula hubaki kama nusu kilo, hata pungufu. Kilo mbili zinawatosha watu wanane, kila mtu apate kipande cha ukubwa wa kiganja. Chagueni paja, mbavu zina mafuta mengi. Tena mwambieni mkataji aondoe mafuta ya juu nyama ikiwa ingali mbichi. Ikishaingia motoni mafuta yanadondokea makaa, moshi unarudi juu na kuipaka masizi. Palipoungua pakawa peusi, kata utupe. Watu hupapenda lakini hapo ndipo pana kemikali zisizofaa mwilini.

Ami Rashid: Kwa Baba mimi ningechukua boilo, yaani nyama ya kuchemsha, sio choma wala frai ya kukaanga. Boilo inapikwa na maji, kitunguu, nyanya, dhania. Meno yake pia yatashukuru.

Zaituni: Na nikisema "frai lakini mafuta kidogo"?

Ami Rashid: Hujasema kitu. Jikoni "kidogo" ni kipimo cha mpishi, sio chako. Upawa mdogo una mililita 50 hivi, na mafuta ya upawa mmoja yana kalori zaidi ya 400. Mpishi mwenye oda kumi hachoti kijiko, anachota upawa. Sema kwa hesabu: "Kijiko kimoja cha mafuta, nyanya mbili, usitie mchuzi mix," ule unga wa viungo. Na useme *kabla* sufuria haijawekwa motoni. Pilau na biriani zilishapikwa alfajiri, hapo hakuna cha kupunguza, ndiyo sababu namwambia Baba achukue wali mweupe.

Ami Rashid: Sukuma wiki nayo ina ujanja wake. Hupikwa nyingi kwa mpigo, ikakaa, mafuta yanashuka chini ya sufuria. Ukipakuliwa kwa upawa unapata yote. Omba ichotwe juu kwa uma, au ikamuliwe kidogo ukingoni mwa sufuria. Mboga za kienyeji kama managu au kunde zikiwepo chukua hizo, ila uliza kama zimetiwa malai, yaani krimu ya maziwa, siku hizi wanaimimina bila kuulizwa.

Khadija: Ami, chumvi umeigusa juu juu. Kwa presha ya Babu hiyo ndiyo kubwa kuliko yote.

Ami Rashid: Kweli mwanangu. Endelea.

Khadija: Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukihesabu kila ulichokula tangu asubuhi. Hotelini chumvi inaingia kwa milango mingi: nyama iliyolazwa kwenye viungo, vile vidonge vya kiungo, kyubu, kwenye supu, mchuzi mix, sosi ya soya, halafu kale kafungu ka chumvi juu ya kibao cha choma. Hako ka kibao ni rahisi, sema chumvi kando. Supu ndiyo ngumu. Ile bakuli inayoletwa kabla ya wali, wengi huinywa yote kwa kuwa haina bei. Babu achukue vijiko vichache, aikamulie ndimu. Ndimu na pilipili huufanya ulimi usiitafute chumvi.

Mama Zaituni: Kuna ile chumvi ya maduka makubwa yenye sodiamu kidogo, nibebe kwenye mkoba?

Khadija: Hapana Mama. Nyingi zimetiwa potasiamu, na mwenye figo dhaifu au anayemeza dawa fulani za presha inaweza kumdhuru. Tumuulize daktari wake kwanza.

Khadija: Lingine, na hili nawaomba sana. Babu hudunga ile insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Ya asubuhi bado ina nguvu mchana. Chakula kikichelewa sukari inashuka, na mbuzi wa kuagiza papo hapo anaweza kuchukua saa nzima. Akifika saa yake ya kawaida ya kula na sahani haijaja, apewe nusu ndizi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuongea ovyo, mpeni soda ya kawaida nusu chupa, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Isiwe soda isiyo na sukari, hiyo haitamsaidia. Beba mashine ya kupimia.

Zaituni: Nimeandika. Tukisubiri tunywe nini? Juisi ya maembe?

Shangazi Mwanaisha: Maembe yenyewe yana sukari, na jagi nyingi huongezwa nyingine. Maji, na vipande vya ndimu. Akitaka chai, muwahi: ile ya maziwa yenye iliki hutoka jikoni imeshatiwa sukari. Aitishe strungi, chai isiyo na maziwa, sukari kando. Dawa ya tangawizi na asali usidanganyike nayo, asali ni sukari.

Salim: Na chipsi za kupunguza njaa huku nyama ikiiva?

Shangazi Mwanaisha: Hizo ndizo zinazoharibu mlo, Salim. Mtu anakula chipsi na soda kwa dakika arobaini, nyama ikija anakula tena kana kwamba hajaanza. Agizeni kachumbari mapema, iwe imekatwa sasa hivi, sio iliyokaa beseni wazi tangu asubuhi. Mboga mbichi iliyooshwa kwa maji mabaya huleta kipindupindu na taifodi. Ukiona imetoa maji mengi na nyanya zimelegea, iache, uombe parachichi zima ulikate mwenyewe.

Ami Rashid: Ongeza hili: ukiona chipsi zina rangi ya kahawia iliyokoza na zinanuka mafuta ya jana, karai hilo halijabadilishwa. Mafuta yaliyochoka hutoa povu na moshi hata moto ukiwa mdogo.

Zaituni: Ahsanteni. Kesho napiga simu hotelini kuagiza hivi, nirekebisheni: boilo ya mbuzi kilo 1, paja, mafuta yaondolewe, bila kyubu. Choma kilo 1, chumvi kando. Wali mweupe sahani 4, zigawanywe. Managu bila malai, sahani 4. Kachumbari ikatwe tukifika. Maji, ndimu 6. Sahani tupu 8. Viwe tayari saa saba na robo.

Khadija: Managu ziwe 6, nusu ya sahani ya kila mtu ni nyingi kuliko unavyodhani. Na saa saba kamili, Babu hula saa hiyo.

Ami Rashid: Kitakachobaki kifungwe na kiingie friji ndani ya saa mbili. Msizunguke nacho kwenye gari mpaka magharibi.