Deki ya kukatia majani ya trekta dogo la zamani: niifufue, nichongeshe mpya au nitafute ya mtumba?

Mnyalu_Gangilonga:
Kamwene wakuu, heshima kwenu. Nina trekta dogo la bustani, Wheel Horse yenye injini ya Kohler. Lilikuwa kwenye shamba la chai Mufindi, baba mkubwa akalinunua, na sasa limefika kwangu hapa Iringa mjini. Ni la kabla kampuni ya Toro haijainunua Wheel Horse mwaka 1986. Injini nimeshaiwasha, ilikuwa kabureta na plagi tu.

Kinachonitesa ni deki, lile bati zito la chini linalobeba visu vitatu. Limelala nje misimu mingi ya mvua na majani yakiwa yamegandia kwa ndani. Pembeni kutu imetoboa matundu mawili ya ukubwa wa kiganja, shafti moja haizunguki kabisa, visu vimeliwa. Njia ninazoziona ni tatu: kuifufua hiyo hiyo, kumpa fundi achonge mpya kwa pleti, au kutafuta ya mtumba kutoka nje. Fundi mmoja yuko tayari kunitengenezea yote, visu akavitoa kwenye springi ya gari. Naombeni mawazo ya waliowahi kushika kazi hizi.

Kijana_wa_Tukuyu:
Chongesha mpya, mkuu. Kutu ikishatoboa, ujue palipobaki pazima nako imeshaingia. Huku kwetu Rungwe kwa mvua zilivyo, chuma cha aina hiyo tunakipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Fundi_Kereza_Mbeya:
Mnyalu, kabla ya lolote, usikubali visu vya springi. Nakuomba sana. Mimi ni fundi wa kukereza, na springi nazipenda kwa jembe na panga. Panga linazungushwa na mkono wa mtu. Kisu cha deki kinazungushwa na injini.

Tuseme kisu chako ni sentimita 37 ncha kwa ncha na kinazunguka mara 4,000 kwa dakika. Ncha yake inakwenda karibu mita 77 kwa sekunde, yaani kama kilomita 279 kwa saa. Kisu cha kiwandani kimeandaliwa kipinde kabla ya kukatika. Springi ikipashwa moto kwenye mkaa na kuzamishwa majini kwa kukadiria, inakuwa ngumu lakini inakatika kama kigae. Na mji wenu huo chini ya mwamba wa Gangilonga, jiwe liko kila hatua mbili. Kipande kikiruka hakichagui mguu wa mtoto wala wa mpita njia.

Jambo la pili ni puli, yale magurudumu yanayopitisha mkanda. Kiwango cha usalama cha Marekani kinataka ncha ya kisu isizidi futi 19,000 kwa dakika, karibu mita 96 na nusu kwa sekunde. Injini za Kohler za aina hiyo huwekwa zisizidi mizunguko 3,600 kwa dakika. Puli ya upande wa injini ikiwa inchi 5 na ya kisu inchi 4, kisu kinapata 4,500 na uko salama. Fundi akikosa ya inchi 4 akaweka ya tatu na nusu, unafika zaidi ya 5,100, na ncha inakaribia mita 100. Umevuka mpaka kwa nusu inchi tu ya puli. Ndiyo maana deki ya kuchongesha inanitia hofu. Bati kila mtu anaweza kulikunja. Vipimo vya vitu vinavyozunguka ndivyo vinavyopotea mikononi mwa fundi.

Mimi ningefufua. Bati libaki lile lile, shafti nikereze upya zikihitaji, beringi ninunue mpya, visu niagize vya kiwandani.

Mnyalu_Gangilonga:
Asante kaka, hilo la visu nimelishika. Beringi za Wheel Horse nitazipata wapi huku?

Fundi_Kereza_Mbeya:
Usiulize beringi za Wheel Horse, dukani watakushangaa. Itoe, isafishe kwa mafuta ya taa, usome namba iliyochongwa ubavuni. Ukikuta 6204, kwa mfano, ni tundu la milimita 20, nje 47, unene 14, popote duniani. Hizo hizo ziko kwenye mota za umeme. Ila nunua zenye sili za mpira pande zote mbili, vumbi letu si la mchezo.

Mama_Ngombe_Njombe:
Habari zenu wanangu. Mimi si fundi, nafuga ng'ombe wa maziwa, lakini mashine ya kukatia nyasi tuliyoachiwa na marehemu mume wangu niliitoa kutu kwa molasesi, ile ile ya kuchanganya kwenye chakula cha ng'ombe. Sehemu moja ya molasesi kwa tisa au kumi za maji, unazamisha chuma, unasubiri wiki moja hadi mbili. Inakula kutu na kuacha chuma. Usikimbilie Juni na Julai, baridi ya huku inachelewesha, mimi ilinichukua karibu mwezi. Na harufu yake, wanangu, weka mbali na nyumba.

Mafinga_Mbao:
Shikamoo mama. Molasesi ni sawa, ila ana deki yenye upana wa zaidi ya mita moja, pipa halitoshi. Kuna njia ya umeme: maji, soda ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne hivi, chaja ya betri, hasi kwenye deki na chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Siku moja au mbili kutu inalegea. Usiweke chumvi, inatoa hewa ya klorini. Chuma chakavu kisiwe kile kisichoshika kutu, maji yake yanageuka sumu. Na fanyia nje, kwa sababu hewa inayotoka inalipuka kwa cheche.

Mnyalu_Gangilonga:
Marahaba ya mama naamini inakuja. Kwangu umeme unakatika katika, chaja siiamini kuiacha usiku. Je, nikichimba shimo la kina kifupi, nikatandika nailoni nzito, nikamwaga molasesi humo?

Mama_Ngombe_Njombe:
Marahaba, baba Mafinga. Shimo litafaa, Mnyalu, mradi ulifunike. Kuku wangu wawili walizama kwenye beseni. Na toa kwanza vyote vya alumini, molasesi inavila.

Kijana_wa_Tukuyu:
Sawa, nimesoma hesabu za fundi na nimerudi nyuma kwenye kuchongesha. Lakini hayo matundu mawili anayaziba na nini? Bati la paa?

Fundi_Kereza_Mbeya:
Hapana. Bati la paa la geji 28 halifiki nusu milimita, na tabaka lake la zinki likichomewa linatoa moshi wa kuumiza mapafu. Atafute pleti ya milimita 3. Akate kutu yote mpaka akute chuma kinachong'aa, kiraka kikae ukingo kwa ukingo. Kiraka cha kulalia juu kinabana maji katikati na msimu ujao anatoboka tena pale pale. Achomee vidoti vifupi, upande huu kisha ule, la sivyo bati linajikunja na shafti tatu haziangalii tena upande mmoja.

Uyole_Mkulima:
Kuhusu mtumba, nilijaribu. Nilinunua deki kwa kuangalia picha, ikafika na vishikio visivyolingana na trekta langu, nikalipa kuchomelea vishikio vipya. Hela ile ingetosha kufufua ya zamani na kubaki. Mkanda nao uangalie: wa mashine ya kusaga utaingia kwenye puli, lakini deki nyingi zina puli inayokandamiza mgongo wa mkanda, na ule wa kusaga haukutengenezwa kwa hilo. Wangu ulikatika haraka. Tafuta wenye nyuzi za Kevlar.

Mnyalu_Gangilonga:
Wakuu, leo nimefungua shafti zote. Mbili ni nzima, beringi ndizo zimekwama. Ya tatu imepinda: nimesimamisha msumari karibu na ncha yake nikaizungusha kwa mkono, inaugusa upande mmoja na upande wa pili inauacha kama milimita mbili. Fundi Kereza, hiyo naileta Mbeya kwako na moja nzima ya kupimia. Visu nimeagiza vya kiwandani, vitatu. Molasesi lita ishirini ziko kwenye gari, na Jumamosi mimi na kijana wangu tunachimba shimo.