Kikundi cha Familia: Jumamosi Bado Haina Mtu

Dada Mkubwa (saa 12:40 asubuhi)
Ndugu zangu, tunamshukuru Mungu kwa kutuamsha salama. Kama mnavyojua, figo za ndugu yetu zimeshindwa kazi na sasa anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa muda wa karibu saa 4, mbali na kupimwa uzito na kusubiri zamu. Wifi hawezi kumsindikiza siku zote hizo na bado aonekane kazini. Naomba kila mmoja aandike siku yake hapa kabla ya adhuhuri.

Dada Mkubwa (saa 5:20 asubuhi)
Ujumbe wangu umesomwa na watu 11, na hakuna aliyejibu. Jumanne nimejiandika mwenyewe.

Kitinda (saa 5:31 asubuhi)
Dada, nilikuwa nasubiri uniandike bila kuniuliza, kama ulivyoniandika kwaya.

Dada Mkubwa (saa 5:33 asubuhi)
Ya kwaya tuyaache. Jambo la pili linahusu maombi. Jumapili mlipomzunguka kumwombea, mmoja wenu aliushika mkono wake wa kushoto na kuubana tangu mwanzo wa sala hadi "Amina". Mkono huo ndio wenye mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Ukiugusa taratibu unasikia mtetemo chini ya ngozi, na mtetemo huo ukikoma, huenda njia imeziba. Mkono huo haubanwi, haupimwi presha wala haubebeshwi mzigo. Anayetaka kumwekea mikono amshike begani.

Kitinda (saa 5:40 asubuhi)
Mwenye mkono huo tunamjua kwa sauti, maana hata majirani waliitikia "Amina".

Shemeji (saa 7:15 mchana)
Ni mimi, naomba radhi, sikujua. Na kwa kuwa nimeanza kukiri, nimalizie: nilimwambia pia kwamba siku atakayojisikia na amani moyoni anaweza kuruka mara moja, ampe Bwana nafasi. Nilisema kwa imani, si kwa ubaya.

Dada wa Kati (saa 7:22 mchana)
Kumbe ndiyo maana Alhamisi iliyopita alikataa kuvaa viatu hadi nikampigia magoti! Shemeji, figo zake hazitoi tena maji wala potasiamu ya kutosha. Maji yakizidi hujaa mapafuni, na potasiamu ikizidi yaweza kuusimamisha moyo bila kubisha hodi.
Na kuhusu zamu, wakati wa ugonjwa wa Baba nayo ratiba iliandikwa vizuri sana. Aliyelala kwenye kile kiti kando yake anajulikana, na aliyeniuliza mbele ya wageni kwamba ninatafuta nini pale naye anajulikana.

Dada Mkubwa (saa 7:25 mchana)
Tafadhali, hayo si ya leo.

Dada wa Kati (saa 7:26 mchana)
Hayajawahi kuwa ya leo.

Wifi (saa 10:50 jioni)
Samahanini, nimechelewa kusoma. Nawashukuru wote mnaokuja, ila naomba msije siku za mashine, kwa sababu akirudi huwa hata kijiko kinamlemea. Pia msimhimize anywe maji mengi. Amepimiwa, na mkiondoka ndipo mimi hubaki kumnyima mtu mwenye kiu. Akiwaona wageni huvaa shati la mikono mirefu na kukaa wima akicheka nanyi. Usiku hulala ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi humkatika.

Shangazi (saa 12:30 jioni)
Wanangu, nimesomewa yote. Hezekia alipougua aliomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Nabii hakuona haya kutumia dawa, basi mkwe wangu nawe usione haya. Kesho utakwenda kumwambia kwa kinywa chako kwamba hakuna kuruka. Alhamisi nitakaa naye mimi. Na lile la kiti, nilikuwepo. Nilinyamaza, na sikupaswa kunyamaza.

Shemeji (saa 12:34 jioni)
Nimesikia, Shangazi. Nitakwenda asubuhi.

Dada Mkubwa (saa 2:10 usiku)
Shangazi, magoti yako hayawezi zile ngazi. Kitinda, utampeleka na utabaki naye.

Kitinda (saa 2:12 usiku)
Sasa nimeandikwa. Shikamoo Shangazi, nitakupitia mapema.

Kaka Mkubwa (saa 4:45 usiku)
Nimesoma yote. Usafiri wa Jumamosi nitaulipia.

Dada wa Kati (saa 4:47 usiku)
Usafiri upo, Kaka. Anayetafutwa ni mtu wa kukaa naye hizo saa 4.

Kaka Mkubwa (saa 5:20 usiku)
Nitawajulisha Ijumaa.

Dada Mkubwa (saa 5:21 usiku)
Jumanne ni mimi. Alhamisi ni Shangazi na Kitinda. Jumamosi naiacha wazi hadi Ijumaa jioni, na Wifi, naomba bado usiombe ruhusa kazini.

Wifi (saa 5:30 usiku)
Nimeshaiomba, wifi yangu.