Mti mkubwa umenasa juu ya mti mwingine, nitaushushaje?

Mpasua Kuni:
Wakuu, habari za kazi. Juzi nilikata mti mkavu wa kuni, unene kama sentimita 60, urefu mita 20 hivi. Ulianza kwenda vizuri, ulipofika nusu tawi la juu likaingia kwenye panda ya mti mbichi wa jirani, ukatulia hapo umeinama. Bawaba (ule ukanda wa mti usiokatwa unaoshika shina na kisiki) imechanika, shina limekaa tu juu ya kisiki. Nina chensoo, kamba ya katani na vijana wawili. Nimewaza niuangushe ule mti mbichi ulioushika, yote iende pamoja, au nikate shina vipande vya mita moja moja kuanzia chini. Ipi salama?

Jembe Jipya:
Kata vipande, mkuu. Mimi hufanya hivyo kila siku, mti unashuka wenyewe kidogo kidogo.

Babu Chensoo:
Mpasua Kuni, tafadhali usiwashe mashine mpaka usome hapa. Njia zote mbili zinaua.

Ya vipande niliijaribu mwenyewe. Cha kwanza kilitoka, shina likashuka na kujichomeka ardhini. Cha pili vilevile. Sikuona kwamba kila kipande kinausimamisha mti wima zaidi, mpaka hakuna ajuaye utalalia upande gani. Kwenye cha tatu bapa la chensoo, lile linalobeba mnyororo, likabanwa. Nilikuwa nalivuta kwa mikono miwili niliposikia juu mlio kama wa nguo inayochanwa polepole. Niliiacha mashine nikakimbia. Mti ulirudi nyuma, ukaangukia palepale nilipokuwa nimesimama. Tangi la mafuta lilibaki bapa kama sahani.

Na ule mti mbichi usiuguse kabisa. Umebeba uzito wa mwenzake, umejikunja kama upinde. Ukiukata utapasuka ghafla, na wewe uko chini ya miti miwili. Usipande juu kukata tawi lililonasa, wala usiangushe mti wa tatu ili ukaupige huo.

Mti ulionasa hushushwa kwa kuvuta kitako chake kirudi nyuma, kinyume na upande ulioinamia, na mvutaji akiwa mbali. Tafuta winchi ya mkono yenye waya, au trekta. Funga waya kwenye shina karibu na kitako, winchi uifunge chini kabisa kwenye mti hai wenye nguvu, umbali unaozidi urefu wa mti unaouvuta. Ukipata kapi ni bora zaidi: waya unakata kona, nawe unavuta ukiwa pembeni. Kitako kikitoka kwenye kisiki na kuanza kuburuzika, ncha itachomoka kwenye panda. Kamba ya katani haifai kwa mti huo. Waya uliokaza ukikatika huchapa kama mjeledi, kwa hiyo mtu asisimame sambamba nao wala asiuruke.

Wenzo wenye ndoano, ule wa kuzungusha shina, ni wa miti midogo, na hata hapo unasimama upande ambao mti ukizunguka unakwenda mbali nawe.

Kama winchi haipo leo, zungushia eneo alama na uwazuie watu kupita, hasa watoto. Vijana wako wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Jembe Jipya:
Babu, vipande nimekata miaka mingi sijaumia.

Babu Chensoo:
Ndugu yangu, nami nilikuwa sijaumia mpaka siku ile. Nakuomba sana uache.

Mpasua Kuni:
Asante, mzee wangu. Njia ya kukimbilia niiweke wapi?

Babu Chensoo:
Nyuma yako kwa mshazari, kamwe usiwe kwenye mstari wa shina. Fyeka vichaka na uondoe magogo kabla ya kugusa winchi, kisha uipite mara mbili kwa miguu ili mwili uizoee.

Mpasua Kuni:
Mrejesho: tumeazima winchi na kapi, leo asubuhi mti umeshuka. Kitako kiliburuzika kama mita nne, tukasikia kishindo. Tatizo, tawi moja nene kama paja limevunjika na kubaki linaning'inia kwenye mti mbichi, juu ya zile kuni. Naweza kuanza kukata magogo?

Babu Chensoo:
Hapana. Rudisha waya, vuta shina zima mpaka litoke chini ya tawi hilo. Ukatie huko kwenye uwazi.