Ni nani huyu? Tunamfuata Yesu, au tunafuata muujiza?

Ndugu zangu wa Kigoma, na nyinyi wa Tabora mnaosoma, shikamooni wakubwa. Hoja yangu itawaudhi baadhi yenu na sina namna ya kuilainisha. Mikutano yetu ya injili inawaita watu kwa Yesu ambaye hawajaambiwa ni nani. Wanaambiwa atawapa nini: kazi, mtoto, mume, uponyaji. Mtu ananyoosha mkono, anaongozwa sala ya toba, jina linaandikwa daftarini, anarudi nyumbani. Mimi nasema huyo ameitikia ahadi. Bado hajamwitikia Yesu mwenyewe.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwetu tunaoishi kwa dagaa na migebuka hiyo ilikuwa miezi mitatu ya kukaa ufukweni tukitazama mitumbwi iliyopinduliwa. Katikati ya hayo mdogo wangu akazidiwa na figo. Mhubiri mmoja, simtaji wala huduma yake, akaniambia nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya fedha. Nilitoa hela niliyoweka ya wavu mpya. Nikapewa chupa ndogo ya maji ya upako yenye kifuniko cha buluu, nikampaka mdogo wangu usoni asubuhi na jioni mpaka ikaisha. Wiki ya pili alifariki. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa imani yangu ilipungua.

Baada ya arobaini alinijia mzee mmoja wa Ujiji, Mwislamu, rafiki wa marehemu baba. Tulikaa kwenye mkeka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, sisi tunamjua Isa bin Maryam. Ni Masihi, alizaliwa na bikira, aliponya vipofu na wenye ukoma kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Nyinyi mnasema ni zaidi ya hapo. Zaidi kivipi?" Nikamjibu, Yesu ni Bwana. Akasema, "Bwana maana yake nini?" Nilikuwa nimeokoka miaka kumi na moja, naimba kwaya, na sikuwa na jibu. Mzee wa watu akabadilisha mazungumzo ili nisiaibike.

Usiku ule nilifungua Marko sura ya nne, habari ya dhoruba. Nimeihubiriwa mara nyingi, na kila mara mwisho wake ni huu: Yesu atatuliza dhoruba yako. Lakini isome kama mvuvi. Wale walikuwa watu wa ziwa. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita kama 21, dogo sana ukililinganisha na letu lenye zaidi ya kilomita 600, lakini upepo unaoshuka kutoka milimani hauna mchezo, anayevua hapa anaujua. Maji yanaingia chomboni, Yesu yuko shetri, nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Wanamwamsha, anaukemea upepo, kunakuwa shwari kuu. Na hapo ndipo wanapoingiwa na hofu kuu, wakati hatari imekwisha! Wanaulizana: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?"

Mnaona? Kwa Marko muujiza unafungua swali. Kwetu muujiza unalifunga: ukishapona unatoa ushuhuda, watu wanapiga makofi, basi. Na asiyepona, kama mdogo wangu, anabaki hana Yesu wa kumshika, kwa sababu aliyepewa alikuwa muujiza tu.

Haya, karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa Mwanga, hapa Kigoma: Pole kwa msiba, kaka. Lakini unawavunja moyo watu. Yule kipofu wa Yohana 9 hakujua teolojia yoyote. Walimbana, akasema anajua neno moja tu, alikuwa kipofu na sasa anaona. Hiyo haikumtosha? Mama ana mtoto mwenye degedege, wewe unataka umfundishe kwanza Yesu ni nani?

Mleta hoja: Asante kwa pole, dada. Mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali mbio, na aombewe njiani, hapo hatugombani. Yesu aliponya bila kudai ada ya maarifa. Ila umeishia katikati ya sura. Yule kijana alipofukuzwa, Yesu alimtafuta, akamwuliza kama anamwamini Mwana. Naye akajibu kwa swali: ni nani, Bwana, nipate kumwamini? Yesu akamwambia, umemwona, naye ndiye anayesema nawe. Hapo ndipo alipoamini na kumsujudia. Macho yalikuwa yamefunguka tangu mwanzo wa sura, na bado Yesu aliona kazi haijaisha. Sisi tunawaachia pale kwenye birika la Siloamu, aliponawa akaona.

Mchangiaji wa Ujiji: Mimi ni Mwislamu, nasoma kwa heshima. Mzee wako amekuuliza vizuri. Nionyeshe mahali Yesu aliposema, mimi ni Mungu, niabuduni. Hakuna.

Mleta hoja: Maneno hayo kwa mpangilio huo hayapo, ni kweli, na Wakristo tunapolijibu swali hili kwa kelele za mihadhara tunajiaibisha. Lakini tazama anachofanya. Marko 2, kabla hajamwambia mwenye kupooza ainuke, anamwambia dhambi zake zimesamehewa. Waandishi waliokuwapo wakawaza, nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu peke yake? Hoja yao ilikuwa sahihi! Ukinikosea mimi, jirani hawezi kukusamehe kwa niaba yangu. Yesu anasamehe kama yeye ndiye aliyekosewa. Na baada ya kufufuka Tomaso anamwita "Bwana wangu na Mungu wangu", naye hamkatazi. Najua kwenye msalaba tunaachana kabisa: Sura ya An-Nisaa inasema hawakumwua wala hawakumsulubu. Mimi naamini alikufa chini ya Pontio Pilato, na ya kuwa kifo kile kilikuwa kwa ajili ya dhambi zangu. Siwezi kulipunguza hilo ili tupatane, na najua nawe huwezi kuipunguza aya yako.

Mchangiaji wa Tabora: Sisi huku wazee wetu walifundishwa na Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika Tabora 1878 na Ujiji mwaka uliofuata. Utaratibu wao ulikuwa miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Na kila Jumapili tunakiri Nasadiki, imani ya Nikea, iliyoanzia kwenye mtaguso wa maaskofu wa mwaka 325: Mungu kweli kwa Mungu kweli. Kwa hiyo swali lako tulishalijibu, mwanangu.

Mleta hoja: Miaka minne, mama! Natamani walokole wenzangu walisome hilo mara mbili. Ila naomba nikuulize kwa adabu: Nasadiki inakirika hata mtu akiwa anafikiria ugali. Maneno ni ya kweli. Je, yule anayekiriwa amewahi kutuuliza sisi binafsi?

Mchangiaji wa Mwanga: Na wewe sasa, umemwitikiaje?

Mleta hoja: Swali la haki. Sikunyoosha mkono tena. Nilisoma Marko yote, kidogo kidogo, na nilipofika anapolia msalabani kwamba ameachwa, nilimkumbuka mdogo wangu na nikalia mpaka alfajiri. Nikasema kwa sauti, peke yangu ufukweni Kibirizi: wewe ni Bwana hata kama mdogo wangu hakupona. Hela ya wavu sijaidai. Yule mhubiri nimemsamehe, ingawa bado nikimwona njiani moyo unadunda. Na nilirudi Ujiji kwa mzee kumpa jibu lake. Alinisikiliza, hakukubali, akaagiza chai.

Tangu hapo, siku za mbalamwezi, taa zinapokuwa hazivuti dagaa na mitumbwi haiendi, tunakaa wavuvi saba tukishona nyavu na mmoja anasoma. Mwezi huu tunaanza Marko sura ya nane, pale njiani kwenda Kaisaria Filipi Yesu anapowageukia na kuwauliza wanamnena kuwa ni nani. Tunaanza saa kumi jioni, chini ya mwembe, upande wa vichanja vya dagaa. Wa Mwanga, njoo. Wa Ujiji, nawe karibu sana, na mzee ameahidi kuja akipata nafuu ya miguu.